SOMO LA MWEZI: KIAZI ANACHOKITAKA MNUNUZI WA LEO

Ndugu mkulima, mwezi huu twataka kuzungumza juu ya viazi, lakini kupanda tutakugusia kidogo tu, maana kupanda wajua. Twataka kuzungumza juu ya mtu atakayevila, na jinsi mapenzi yake yalivyobadilika.

Walipopewa wakulima wa kwanza viwanja vyao katika skimu za makao, kuanzia mwaka 1962, mnunuzi wa viazi alikuwa mama wa nyumbani. Alinunua debe, akavichemsha, akavipondea mukimo au akavitia katika mchuzi. Kwake kiazi kizuri kilikuwa kile kinachoiva upesi bila kumaliza kuni. Umbo halikumsumbua, wala macho yakiwa ya ndani hakulalamika, kwa sababu alimenya kwa kisu polepole. Mama huyo yupo hata leo na ataendelea kuwapo. Lakini pembeni yake amesimama mnunuzi mwingine. Nenda Nakuru au Nairobi saa ya chakula cha mchana utazame: vijana, makarani, wanafunzi na makuli wamepanga mstari mbele ya vibanda vya chipsi. Mtoto aliyezaliwa mjini huenda akafikiri kwamba kiazi huota kikiwa kimekatwa vipande virefu! Tena kuna krispi, yaani vipande vyembamba vilivyokaangwa vikakauka, ambavyo huuzwa katika mifuko midogo dukani.

Huenda ukasema, haya ni mambo ya watu wa mjini. La, ni mambo yako. Januari mwaka 2022 kampuni moja ya kigeni inayouza kuku wa kukaanga iliishiwa na chipsi katika maduka yake ya Kenya, kwa kuwa viazi vyake, vilivyokuwa vikiletwa kutoka ng'ambo, vilicheleweshwa njiani. Watu walikasirika wakauliza: Je, kwetu hakuna viazi? Viazi vilikuwapo tele. Jibu la kampuni lilikuwa kwamba viazi vyao hutoka kwa wauzaji waliokwisha kupimwa na kukubaliwa. Mtu aweza kuliona jibu hilo kuwa la dharau. Lakini mkulima mwenye akili hujiuliza: hicho kipimo ni kipi, nami naweza kukifikia?

Tuanze na kiazi ambacho karibu sote tunakipanda, Shangi. Kilienea kutoka shamba hadi shamba kwa mikono ya wakulima wenyewe kabla ya kuandikishwa rasmi, na hiyo yaonyesha kwamba mkulima hahitaji kuambiwa kila kitu. Hukomaa kwa muda wa miezi 3 hivi, huzaa vizuri, na huiva upesi jikoni. Kasoro yake ni kwamba hakilali. Ukikichimba, baada ya majuma machache tu huanza kuchipua. Kwa hiyo sote twachimba pamoja, twauza pamoja, na bei huanguka siku hiyo hiyo tunayohitaji karo ya shule. Wenye vibanda vya chipsi hukinunua kwa sababu ndicho kilichopo. Mwenye kiwanda cha krispi hukitilia shaka.

Kwa nini akitilie shaka? Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kiazi kina maji, na kina unga. Kikiwa na maji mengi, maji hayo hutoka katika mafuta ya moto, na mafuta huingia mahali pake. Chipsi zinakuwa laini, zinalowa, na mwenye kibanda anamaliza mafuta yake mapema. Kikiwa na unga mwingi, chipsi hukauka vizuri nje na kuwa nyororo ndani. Jambo la pili ni sukari. Kiazi ambacho hakijakomaa, au kilichowekwa mahali penye baridi kali, hukusanya sukari, na sukari hiyo huungua katika mafuta. Chipsi hutoka zenye rangi ya kahawia na uchungu, na mlaji hazitaki. Jambo la tatu ni umbo. Mtu wa chipsi ataka kiazi kikubwa, kirefu kidogo, chenye macho ya juu juu, ili mashine isitupe nusu pamoja na maganda. Mtu wa krispi ataka cha mviringo, cha wastani. Ndiyo maana viwanda vya krispi vimependa kwa miaka mingi Dutch Robijn, kiazi chekundu kinacholimwa sana upande wa Bomet, ingawa ukungu wa majani hukishambulia upesi. Kituo cha utafiti cha Tigoni kimetoa mbegu nyingine pia. Kwa mfano Kenya Mpya na Sherekea zilitolewa mwaka 2010. Usinunue jina, lakini. Muulize kwanza mnunuzi wako anakaanga nini.

Unga wa kiazi waweza kuupima nyumbani bila mashine yoyote. Chukua maji lita 10 katika ndoo, utie chumvi ya kawaida kilo 1 na robo, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Osha viazi vyako kama 20 hivi, vilivyochaguliwa sehemu mbalimbali za shamba, uvikaushe, kisha uvitie ndani kimoja kimoja. Kinachozama kina unga wa kutosha kukaangwa. Kinachoelea kina maji mengi. Hicho peleka sokoni au jikoni kwako, hakina ubaya wowote kikichemshwa. Kisha kata vipande vichache vya vile vilivyozama, uvikaange, utazame rangi. Kazi hii ni ya asubuhi moja, nayo itakuambia mengi kuliko maneno ya dalali aliyesimama langoni kwako.

Viazi vikielea vingi, kosa huenda si la mbegu. Wengi wetu twamwaga mbolea ya kukuzia mara ya pili na ya tatu kwa kuwa majani mabichi yanapendeza macho. Mbolea hiyo ikizidi, mmea unaendelea kuota majani badala ya kukomaza viazi. Wengine huchimba mapema kwa sababu lori limefika. Katika shamba la viazi vya kukaanga, ngoja majani yaanze kugeuka manjano, uyakate, kisha uviache viazi ardhini majuma 2. Ngozi hushupaa, na kiazi hakichubuki katika gunia. Baada ya kuchimba usiviache juani, wala usiviweke mahali penye mwanga. Kiazi kilichogeuka kijani kina sumu, na hakuna mnunuzi mwangalifu atakayekikubali. Wala wewe usimpe mtoto wako.

Sasa tuje kwenye fedha, maana wako wakulima waliosikia habari za mikataba ya viazi wakafurahi mno. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu, usizichukue kuwa za soko. Tuseme ekari yako imetoa magunia 60 ya kilo 50. Ukiyauza Shangi langoni kwa shilingi 1,500 kila gunia, umepata shilingi 90,000. Jirani yako amefanya mkataba wa shilingi 2,000, lakini mbegu yake iliyothibitishwa imemgharimu shilingi 12,000 zaidi ya yako. Siku ya kupokea, mnunuzi anakataa magunia 20: mengine ni madogo, mengine yamekatwa na jembe, mengine ni kijani. Anabaki na magunia 40, yaani shilingi 80,000, na yale 20 anayauza kwa shilingi 700, yaani shilingi 14,000. Jumla ni 94,000. Toa zile 12,000 za mbegu, amebaki na 82,000. Ameshindwa na wewe kwa shilingi 8,000, ingawa bei yake ilikuwa nzuri kuliko yako.

Lakini kama angechimba kwa uangalifu, na yaliyokataliwa yakawa 8 tu, angeuza 52 kwa shilingi 104,000, na yale 8 kwa shilingi 5,600. Ukitoa mbegu anabaki na 97,600. Tofauti ya jirani huyo na huyo mwenyewe ni shilingi 15,600, na yote imetokana na jembe, kivuli, na subira ya majuma 2.

Kwa sababu hii sisi hatukushauri ung'oe Shangi yote. Mwenye ekari 5 zenye ng'ombe, mahindi na viazi hana nafasi ya kubahatisha. Tenga robo ekari, upande mbegu anayoitaka mnunuzi uliyemwona kwa macho yako, iliyothibitishwa na KEPHIS, kwa nafasi ya sentimeta 75 kati ya mistari na 30 kati ya mimea. Usiipande mahali palipokuwa na viazi, nyanya au biringanya msimu uliopita, kwa maana ugonjwa wa mnyauko hukaa katika udongo. Andika katika daftari gharama zote na magunia yaliyokataliwa.

Wazee wa Nyandarua wanakumbuka pareto. Kenya iliongoza duniani kwa maua hayo, na watoto wengi wa skimu walisomeshwa nayo. Kisha mwaka 1973 wataalamu wa Uingereza walitengeneza permethrin, dawa inayofanana na ya pareto lakini isiyovunjwa nguvu na jua upesi, na wanunuzi wengi wakageukia dawa za namna hiyo. Malipo ya kuchelewa nayo yakawachosha wakulima. Mlaji alikuwa amekwisha kuhama zamani, nasi tulikuwa bado twachuma.

Kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, nenda pamoja na wenzako wa chama cha ushirika, si peke yako. Ulizeni mambo haya na majibu yaandikwe: Nani atapima uzito, na mizani ikaguliwe wapi? Viazi vitachaguliwa shambani kwako au kiwandani, mahali ambapo wewe hupo? Vilivyokataliwa ni mali ya nani? Fedha zitalipwa baada ya siku ngapi? Lori lisipofika siku iliyoahidiwa, hasara ni ya nani? Mtu akitaka umjazie lumbesi badala ya gunia la kilo 50, mazungumzo hayo yakatisheni hapo hapo. Na sampuli ya viazi vya robo ekari yako, vilivyopimwa katika maji ya chumvi, mchukue mkononi siku hiyo.