Vitabu vya Kutisha kwa Likizo ya Desemba: Maswali ya Wazazi

Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, watoto hukaa nyumbani wiki kadhaa, na jioni hadithi za mazimwi na majini huanza zenyewe. Zamani msimulizi alikuwa bibi, aliyejua yupi kati ya wajukuu hulala akiota vibaya. Leo msimulizi ni video ya simuni, nayo haimjui anayeitazama. Mzazi anaweza kuishika tena kazi ile ya bibi, na Kiswahili kina vitabu vya kumsaidia.

Mtoto wa miaka 6 hadi 8 asomewe nini?

Asomewe hadithi ambayo zimwi linauawa kabla taa haijazimwa. Katika umri huu sina kipimo kingine. Mfano ninaoupenda ni ngano ya Sultani Majinuni, mojawapo ya zile ambazo Edward Steere alizikusanya Zanzibar na kuzichapa London mwaka 1870. Paka wa sultani anaanza kwa kula mifugo, kisha anakula watu. Wananchi wanashtaki, sultani anamtetea kwa kuwa paka ni wake, mpaka wanawe mwenyewe wanapoliwa. Sasa paka amekuwa nunda, mnyama mkali mla watu, na kijana mdogo wa sultani anaingia mwituni kumsaka. Anaua mbwa, anamletea mama yake. Mama anasema siye. Anarudi na punda milia, siye. Twiga, kifaru, hata tembo, bado siye. Kila mara mama na mwana wanaimbiana, basi nawe mzazi imba, mtoto aitikie. Mkifika kwa tembo atakuwa anakujibu kabla hujamaliza kuuliza, na hofu yote imegeuka hamu ya kumwona nunda akianguka.

Kitabu cha Steere kinasomeka bure kwenye maktaba za intaneti. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, kwa hiyo pitia kurasa mapema, uzifahamu kabla ya kumsomea.

Na wa miaka 10 hadi 13?

Mpe *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Liwali mpole, anayesifika kwa haki, kila usiku anawachapa manyani wawili huku moyo ukimuuma. Kwa nini? Jibu lina majini, safari za baharini na husuda ya ndugu wa damu. Mtoto wa umri huu anaanza kuelewa kwamba aliye karibu naye anaweza kumdhuru, na kitabu kinalisema hilo bila kumficha wala kumtesa.

Je, vitabu hivi havifundishi ushirikina?

Swali hili ni zito, na mzazi anayeliuliza asipuuzwe. Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wekundu unaotokana na miaka mingi ya kupikia kwenye moshi. Watu wenye ualbino wameshambuliwa na kukatwa viungo kwa imani za waganga matapeli. Kwa hiyo nasema wazi: kitabu ambacho mchawi wake ni bibi kizee yeyote mwenye macho mekundu, au kinachomfanya mtu mwenye ualbino kuwa kiumbe cha ajabu, kirudishe dukani hata kama kimeandikwa vizuri. Nunda hana jirani anayefanana naye. Bibi yule anaye.

Dawa ya hofu hiyo imo ndani ya fasihi hiihii. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapwa mwaka 1960, kinaanza na maiti kukutwa mahali pa mizimu, na watu wanaona wazi kwamba mizimu imelipiza. Bwana Msa, mpelelezi, haamini. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alifaidika na kifo hicho, na hatimaye mkono uliotenda ni wa binadamu. Kijana wa miaka 14 akimaliza kitabu hicho ameogopa kweli, kisha ameona jinsi mtu anavyofikiri akiwa ndani ya hofu. Akikipenda, kipo pia *Kisima cha Giningi* cha mwaka 1968.

Tunaishi Ulaya au Marekani, na watoto wanataka vya Halloween. Tukatae?

La. Mwenye miaka 9 hivi ataufurahia mfululizo wa *Goosebumps* wa R. L. Stine, ulioanza mwaka 1992; sura zake ni fupi. Kijana mkubwa ajaribu *Frankenstein* cha Mary Shelley, cha mwaka 1818. Ila usiku wa Oktoba 31 msomeeni na nunda, kwa Kiswahili, kwa sauti.

Na sisi watu wazima?

Soma *Babu Alipofufuka* cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka mwaka 2001. K ni mkubwa mwenye cheo na mali, na babu yake aliyekufa anarudi kumtoa ndani ya starehe yake na kumwonyesha wanavyoishi watu wengine nchini mwake. Mzuka huo haurukii mtu gizani, unauliza maswali tu, na K hana majibu. Hapa hakuna nunda wa kuuawa. Ukikisoma Desemba, watoto wakiwa wamelala, kisome polepole.