BIHARWE, KANDO YA MBARARA

Kila asafiriye kutoka Mbarara kwenda Kampala kwa barabara kuu hupita Biharwe, kama kilometa 12 tu kutoka mjini, lakini ni wachache waijuao habari yake. Kwetu ni Nakivale, lakini likizo mbili nimekaa Biharwe kwa shangazi yangu. Kwa hiyo nimeona vema niwaeleze niliyoyaona na kuyasoma.

Jina la Biharwe limo katika historia kwa sababu ya kupatwa kwa jua. Masimulizi ya kale yanasema kwamba Mfalme Olimi wa Bunyoro aliishambulia Nkore akateka ng'ombe wengi. Jeshi lake lilipokuwa Biharwe, giza liliingia mchana. Askari wakashikwa na hofu, wakakimbia, na ng'ombe wakabaki. Kwa kuwa wazee wa zamani hawakuandika tarehe, wataalamu waliitafuta kwa hesabu za mwendo wa jua na mwezi, wakapata 17 Aprili 1520. J. Sykes aliandika juu ya jambo hilo katika gazeti la Uganda Journal mwaka 1959. Wako wanahistoria wenye shaka, kwa maana jua limepatwa mara nyingi na masimulizi huchanganyika. Naona shaka yao ni ya haki. Lakini ni mambo machache ya bara letu ya zamani hizo yawezayo hata kukisiwa siku yake. Leo upo mnara wa ukumbusho, na karibu yake ni Igongo, penye jumba la makumbusho ya mila za Banyankore.

Mbarara ilifanywa jiji tarehe 1 Julai 2020, na Biharwe imo ndani ya mipaka yake. Waalimu, wauguzi na wauza maduka hujenga huko kwa sababu viwanja ni rahisi kuliko vya katikati ya mji, upepo ni mzuri, na mtu hupata nafasi ya kupanda migomba yake. Asubuhi na mapema utawaona wamesimama barabarani wakingoja teksi, na wenye haraka hupanda bodaboda.

Lakini viwanja hivyo vilikuwa malisho. Jirani yetu mmoja, mzee mfugaji, alikuwa na ng'ombe 30 wa pembe ndefu. Sasa anao 8. Nilimwuliza, "Mzee, hukusikitika kuuza?" Akanijibu, "Mwanangu, nilisikitika sana. Lakini karo ya wajukuu haingoji." Katika kipande alichouza sasa iko nyumba ya mwalimu mmoja, aondokaye kabla ya mapambazuko na kurudi usiku. Shangazi yangu alikuwa akinunua maziwa kwa mzee huyo kila siku. Siku hizi huletewa kwa pikipiki kutoka mbali, na mara nyingine hufika yameganda.