Kununua Gari la Kambi: Mambo Mawili ya Kupima Kabla ya Kulipa

Gari la kambi ni gari la kusafiria lililowekewa kitanda, jiko, tangi la maji na pengine hema juu ya paa. Mengi yanayouzwa nchini yalikuwa magari ya abiria nchini Japani, kisha yakageuzwa na mafundi. Muuzaji hutanguliza sifa mbili: gari ni 4WD, na lina kila kitu ndani. Somo hili linachambua sifa hizo, kwa kuwa ndizo zinazopandisha bei na ndizo zinazomponza mlaji.

Herufi 4WD humaanisha kwamba nguvu ya injini inaweza kufika kwenye magurudumu yote manne. Hazielezi inafikaje. Toyota Hiace ya 4WD kutoka Japani hugawa nguvu yenyewe kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, wala haina gia ya chini. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinayo, na huonekana kwenye wenzo au kitufe chenye alama ya 4L. Gia hiyo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuvuta. Katika mteremko mkali kama wa kushukia kreta ya Ngorongoro, injini yenyewe hulizuia gari, na dereva halazimiki kukanyaga breki mfululizo hadi zipate moto. Hiace inafaa kwa barabara za changarawe na utelezi wa wastani, na kwa familia nyingi hiyo inatosha kabisa. Tatizo huanza pale inapouzwa kwa bei na kwa maneno ya gari la milimani. Mwombe muuzaji akuonyeshe alama ya 4L na aliendeshe gari katika gia hiyo ukiwa ndani.

Jambo la pili ni uzito, nalo husahauliwa zaidi. Cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani huonyesha uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa likiwa na mzigo. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mzigo wako wote, watu wakiwemo. Kwa gari la abiria, Japani hukadiria kilo 55 kwa kila kiti. Kwa hiyo gari la watu 10 limeruhusiwa kilo 550 tu.

Tuchukue mfano. Watu wanne, kilo 260. Hema la paa 60, keria yake 30. Maji lita 60, ambayo ni kilo 60. Kitanda na makabati ya mbao 120. Friji na vilivyomo 40, betri ya pili 25, tairi la ziada 30. Jumla ni kilo 625. Ukitoa kilo 60 za viti vilivyong'olewa, unabaki na 565. Mpaka umekwisha kuvukwa, na bado hakujapakiwa chakula, nguo, mtungi wa gesi wala vifaa vya ufundi.

Mafundi wengine hutibu hali hii kwa kuongeza springi. Gari husimama vizuri na mnunuzi huridhika, lakini breki na ekseli ni zilezile, na uzito unaoruhusiwa haujabadilika. Mzigo wa juu ya paa una hatari ya ziada: huliyumbisha gari katika kona na kwenye barabara iliyoinama upande mmoja. Tazama pia tairi. Hiace nyingi hutoka kiwandani na tairi zilizoandikwa 195/80R15 107/105. Namba 107 humaanisha tairi moja linaweza kubeba kilo 975. Tairi la gari dogo lenye namba 94 hubeba kilo 670, na kwa macho huwezi kuona tofauti. Tarakimu nne zilizo mwishoni mwa alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au historia ya bidhaa. Ulinzi huo huwa na nguvu zaidi ahadi zikiwa katika maandishi. Hakikisha mkataba unataja aina ya 4WD, kuwapo au kutokuwapo kwa gia ya chini, uzito unaoruhusiwa, na uzito halisi wa gari baada ya kugeuzwa. Uzito halisi hupatikana kwenye mizani tu, matangi yakiwa yamejaa na vifaa vyote vikiwa ndani. Gharama ya kulipima ni ndogo ikilinganishwa na bei ya gari. Muuzaji akikataa gari lisipelekwe mizani, usitoe malipo ya awali.