KUONANA NA MUNGANGA KATIKA TELEFONE: USIMUFICHE KITU



Siku hizi mugonjwa wa Likasi anaweza kuonana na munganga wa Lubumbashi katika telefone yenye picha, bila kusafiri kilometa 120 hivi. Ni faida kubwa. Lakini mara nyingi tunaipoteza sisi wenyewe.

Baba mumoja wa Panda aliulizwa na munganga: «Unakohoa?» Akajibu: «Hapana.» Watoto na shemeji yake walikuwa wameketi pale pale, aliona haya. Kumbe alikuwa akikohoa tangu majuma 6, na usiku shati lake lililowa jasho. Akaandikiwa dawa ya kichwa tu. Alipokuja kwetu kwa miguu, makohozi yake yalipimwa: kifua kikuu. Siku zote hizo alilala chumba kimoja na watoto.

Basi tujifunze vizuizi hivi 4:

1. Masikio ya watu. Ongea na munganga ukiwa peke yako, chumbani au inje chini ya muti. Ninyi wa nyumbani, mumwachie nafasi.

2. Umeme na rezo. Jaza batri mapema, umeme usije ukakatika. Mega ni feza: andika kwanza ugonjwa ulianza lini na dawa ulizokunywa. Rezo ikiwa mubaya, zima picha, endelea kwa sauti.

3. Luga. Kifaransa kikikupita, sema: «Munganga, unieleze kwa Kiswahili.» Si haya. Haya ni kunywa dawa vibaya.

4. Telefone haina mikono. Haisikilizi mapafu, haipigi picha ya kifua, haipimi makohozi. Mwenye kukohoa majuma 2 au zaidi aende mwenyewe kupimwa, zaidi sana yule anayevuta vumbi la mawe kazini, kwa maana vumbi hilo linafungulia kifua kikuu mulango. Anayekohoa damu, anayepumua kwa shida, au mutoto mwenye degedege, asingojee telefone: hospitali mara moja!

Baba yule sasa anakunywa dawa zake kila siku. Ni za bure, kwa kawaida miezi 6, bila kuruka hata siku moja. Bibi na watoto wake wamepimwa pia.

Ugonjwa uliofichwa hauna dawa. Umwambie munganga yote.