Somo: Uso wa mcheza karata

Katika poka mwenye karata mbaya hujifanya anazo nzuri ili wenzake waogope. Utamtambuaje? Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliotazama uso wake tu walipotoshwa; waliotazama mikono ikiweka dau walikisia vizuri zaidi. Na uchambuzi wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watu hutambua uongo mara 54 tu kwa 100, karibu sawa na kubahatisha.

Basi viongozi, tunaposuluhisha ugomvi wa shamba au wa mgao wa chakula kambini, tusimhukumu mama kwa sababu ameinamisha macho. Pengine ni heshima, pengine hofu. Tumuulize kwa upole, tusikilize mashahidi wa pande zote, tulinganishe maneno.

Swali la kuzungumzia: kwetu, nani amehukumiwa kwa uso wake?