Misri na Uyunani Katika Daftari la Mtoto wa Mchombe

Mtoto amerudi kutoka shule, daftari mkononi. Amepewa zoezi la kukariri: mafarao, piramidi, Wayunani, na miaka kadha wa kadha kabla ya Kristo. Baba yake, ambaye ametoka shambani na matope ya mpunga yangali miguuni, alitazama daftari lile na kuuliza: "Haya yatamfaa nini mtoto wa Mchombe? Misri ni mbali, Uyunani ni mbali zaidi, na watu hao walikwisha kufa zamani."

Swali hilo si la mjinga. Ni swali la haki, na mwalimu asiyeweza kulijibu afadhali asilifundishe somo lenyewe. Sisi twalijibu hivi: mtoto aliyezaliwa katika bonde la Kilombero anazo funguo za Misri ya kale karibu na mlango wake, kuliko mtoto wa miji mingi mikubwa ya Ulaya. Kosa ni kulifundisha somo hili kama orodha ya majina, na kulifungia ndani ya kipindi kimoja cha historia, hali lingeweza kuangaza jiografia, hesabu, sayansi, lugha, uraia na dini. Na tutazame, somo kwa somo.

JIOGRAFIA. Mtoto wa Mchombe ajua gharika ni nini. Wakati wa masika mto Kilombero huvimba, hufunika mbuga, kisha hurudi polepole na kuacha udongo wenye rutuba. Mvua ikichelewa, kila nyumba yajua. Basi mwambie mtoto huyo kwamba Misri karibu haina mvua kabisa, na kwamba uhai wake wote ulitegemea mto Nili, ambao ulifurika kila mwaka kwa sababu ya mvua zilizonyesha mbali sana, katika milima ya Ethiopia. Wamisri waliiita nchi yao Kemet, yaani nchi nyeusi, kwa sababu ya matope yale. Mwaka wao waliugawa katika majira matatu: majira ya gharika, majira ya kuota mimea, na majira ya mavuno. Mkulima wa mpunga hahitaji kamusi kuelewa kalenda ya namna hiyo.

Tena somo hilo halikukoma zamani. Bwawa kuu la Aswan lilikamilika mwaka wa 1970, na tangu hapo gharika ya Nili haikufika tena mashambani mwa Misri. Wamisri wamepata umeme na maji ya mwaka mzima, lakini matope yenye rutuba hubaki nyuma ya bwawa, na wakulima wamelazimika kutumia mbolea ya viwandani. Sasa tazama kwetu. Maji ya Kilombero hukutana na mto Luwegu, nayo mito hiyo miwili hufanya mto Rufiji. Katika Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022. Na wajenzi wake ni akina nani? Ni makampuni mawili ya Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Mtoto aliyefundishwa vema habari za Nili ataweza kuuliza maswali ya mtu mzima juu ya mto wake mwenyewe: nani apata faida, nani apungukiwa, na matope yaenda wapi.

HESABU. Mwandishi Myunani Herodoto, aliyeishi katika karne ya 5 K.K., alisema kwamba elimu ya kupima ardhi ilianza Misri, maana mto ulipoharibu mipaka ya mashamba hapakuwa na budi kuyapima upya ili kila mtu alipe kodi ya haki. Katika kijiji ambako mpaka wa jaruba waweza kugombanisha ndugu, nani atasema kwamba jiometri ni elimu ya hewani?

Twaa kamba, ipige mafundo yagawanye urefu wake katika sehemu 12 zilizo sawa. Ishikwe na watoto watatu, upande mmoja sehemu 3, wa pili sehemu 4, wa tatu sehemu 5. Hapo pembe iliyo kati ya upande wa 3 na upande wa 4 itakuwa pembe mraba kamili, nayo yafaa kuanzia msingi wa nyumba au bustani ya shule. Kwa kamba hiyo tu watoto wameingia katika kanuni ijulikanayo kwa jina la Myunani Pithagora.

Iko pia hati ya mafunjo, iliyonakiliwa na karani wa Misri aitwaye Ahmose karibu na mwaka 1550 K.K., ambayo sasa yatunzwa London. Mojawapo ya maswali yake ni hili: wagawie watu 10 mikate 6. Mtoto wetu ataandika sita kwa kumi, kisha atakwama. Karani Ahmose atoa jibu ambalo mama yeyote angelitumia jikoni: kila mtu apewe nusu ya mkate, hiyo ni mikate 5 imekwisha, mmoja uliobaki ukatwe vipande 10. Kila mmoja amepata nusu na sehemu moja ya kumi, na hakuna awezaye kulalamika kwamba mwenzake amepata pande kubwa zaidi.

SAYANSI. Katika karne ya 3 K.K. Eratosthene, mzaliwa wa Kirene katika nchi iitwayo leo Libya, alikuwa mtunzaji wa maktaba kuu ya Aleksandria. Alipata habari kwamba huko Siene, yaani Aswan ya leo, siku moja ya mwezi Juni jua la mchana huwa utosini kabisa, hata vitu havina kivuli. Siku iyo hiyo kivuli cha Aleksandria kilionyesha pembe iliyo sehemu moja ya hamsini ya duara. Basi akazidisha mara hamsini mwendo ulio kati ya miji ile miwili, akapata mzingo wa dunia nzima, na hesabu yake haikuwa mbali na ile ya leo, kilometa 40,000 hivi.

Katika Mchombe jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Oktoba na karibu na mwisho wa Februari. Watoto wasimike kijiti kilichonyooka uwanjani, wapime kivuli chake cha mchana kati kila siku, hata waone kinavyofupika na kutoweka. Wapime kivuli, wala wasilitazame jua lenyewe. Na anayetaka kuiga Wamisri waliopima kimo cha maji ya Nili, apime mfereji wa shamba; mwalimu mwenye busara hatapeleka darasa ukingoni penye mamba na viboko.

LUGHA. Watoto wetu husema Kiyunani kila siku bila kujua. Kalamu ni neno la Kiyunani lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni tete. Karatasi, falsafa na almasi zilipita njia iyo hiyo. Neno kamusi asili yake ni jina la Kiyunani la bahari kuu. Askofu ni mwangalizi, Ekaristi ni shukrani, Katoliki ni ya wote. Agano Jipya lenyewe liliandikwa kwa Kiyunani. Mtoto atakayejua haya hatafikiri tena kwamba elimu ni mali ya watu wengine, ambayo yeye huazima tu.

HISTORIA. Je, watu hao walikuwa mbali nasi kweli? Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja, asiyejulikana jina, aliandika kwa Kiyunani kitabu cha safari za bahari kutoka Misri. Alitaja soko la mwisho katika pwani yetu, Rhapta, jina litokanalo na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Huko zilinunuliwa pembe za ndovu, na zililetwa silaha, shoka na vyombo vya kioo. Wataalamu hawajapatana mahali pake, lakini baadhi yao wapaweka karibu na mlango wa Rufiji. Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia wetu Felix Chami alichimbua katika nchi ya Rufiji shanga alizozitambua kuwa za zama za Warumi. Fikirini basi: maji yapitayo bondeni petu huishia katika pwani ile ile.

URAIA NA DINI. Lakini tusiwafundishe watoto kusujudia mambo ya kale. Athene ilitupa neno demokrasia. Hata hivyo katika mkutano wake mwanamke hakuwa na sauti, wala mgeni, na watumwa walichimba fedha katika migodi ya Laurio. Aristotle, mwenye akili nyingi vile, alifundisha kwamba wako watu waliozaliwa kuwa watumwa. Katika mkutano mkuu wa kijiji chetu mama wa miaka 18 na zaidi ana haki sawa na mumewe. Hapo mtoto aone kwamba akili kubwa yaweza kukaa pamoja na kosa kubwa, na kwamba kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu.

Wako wazazi waogopao miungu ya uongo iliyomo katika hadithi hizo. Mtakatifu Basili Mkuu, katika karne ya 4, aliwaandikia vijana juu ya jambo hilo hilo, akawapa mfano wa nyuki: hatui juu ya kila ua, wala habebi ua zima, bali hutwaa lifaalo na kuliacha lingine. Tena tusisahau kwamba Misri ni nchi iliyompokea Mtoto Yesu alipokimbizwa kutoka kwa Herode.

Wazazi wapenzi, walimu wana mzigo mkubwa na vitabu vichache. Kazi yenu haihitaji kitabu. Jioni hii mtoto akifungua daftari lake, msimwulize amekariri majina mangapi. Mwulizeni: "Mto wao ulifurika mwezi gani, nao walijuaje kwamba wakati wa kupanda umefika?" Akikosa jibu, mwambieni mlivyojua ninyi, na babu zenu walivyojua kabla yenu, naye kesho apeleke jibu hilo darasani.