Fedha za Kupewa na Nyumba ya Kununua

Somo letu mwezi huu ni juu ya fedha ambazo mtu hupewa na ndugu au rafiki ili anunue nyumba. Ni jambo la heri. Wachache sana miongoni mwetu wamepata nyumba kwa mshahara mtupu. Mzazi amemega kiinua mgongo chake, dada ameuza ng'ombe, mtoto aliye ng'ambo ametuma. Basi hatuandiki ili kumzuia mtu kutoa wala kupokea. Tunaandika kwa sababu tumeona nyumba zilizonunuliwa kwa upendo zikawafanya ndugu wasisalimiane, na mojawapo ni hii tunayokaa sisi.

Mwaka 1994 tulipata habari kwamba karani mmoja anahama na anauza nyumba yake, vyumba vinne na bati jipya. Alitaka shilingi 900,000. Sisi wawili, mume na mke, wote walimu, tulikuwa na 600,000 baada ya kukusanya miaka mingi. Kaka yetu mkubwa aliposikia alikuja na bahasha yenye 300,000 zilizobaki. Tulimwuliza, "Kaka, tutakurudishia lini?" Akacheka, akasema, "Chukueni, mtanikumbuka." Tukanunua. Hatukuandika kitu, maana nani angethubutu kumpa kaka yake karatasi atie sahihi?

Kaka alifariki mwaka 2009. Matanga yalipokwisha, mwanawe wa kwanza alikuja jioni moja, akaketi kwa adabu, akasema, "Baba mdogo, tunaomba chumba cha baba." Tulishangaa. Yeye naye alishangaa kuona tunashangaa. Kumbe nyumbani kwao watoto walikua wakisikia kwamba baba yao ana chumba kwetu. Sisi tulikua na neno "mtanikumbuka" tukalisikia kuwa zawadi. Wao walilisikia kuwa fungu. Hakuna aliyesema uongo. Mwenye kujua maana yake alikuwa kaburini.

Tena ikazuka hesabu. Ikiwa ulikuwa mkopo, deni ni shilingi 300,000, ambazo mwaka 2009 hazikununua hata nusu ya chumba. Ikiwa lilikuwa fungu, ni theluthi ya nyumba kwa bei ya siku ile ya kugawana. Ikiwa ilikuwa zawadi, hakuna deni lolote. Wasomaji waangalie vizuri hapo: ni bahasha moja, lakini jina la fedha likibadilika, hesabu nayo inabadilika kabisa. Mwishowe tulikubaliana kumlipia mtoto wake mdogo ada ya kidato cha tano na cha sita, na tulilipa yote. Lakini yule kijana mkubwa hadi leo akija husimama uani, hanywi chai.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya, kabla fedha hazijatoka mkononi mwa mwenyewe, ni kuzipa jina. Je, ni zawadi, ni mkopo, au ni fungu katika nyumba? Zawadi hairudishwi, na mtoaji hana chumba wala neno katika nyumba hiyo. Mkopo hurudishwa, na lazima ijulikane kwa muda gani. Mkopeshaji akifa, deni halifi naye, bali huingia katika mirathi yake, na msimamizi wa mirathi ana wajibu wa kulidai. Fungu maana yake nyumba ni ya wawili, na jina la mtoaji liandikwe katika mkataba wa mauziano na katika hati. Tukiyachanganya matatu haya kwa kuoneana haya, tunawaachia watoto wetu kazi ya kuyatenganisha.

Tusome Mwanzo mlango wa 23. Ibrahimu alitaka mahali pa kumzika Sara. Efroni alisema mbele ya watu wote wa mji kwamba anampa shamba pamoja na pango la Makpela. (Huenda ilikuwa adabu tu, kama muuza machungwa anayemjua mama yako anavyosema "chukua tu mwanangu", halafu anakutazama mkononi.) Ibrahimu hakuliacha neno hilo "nakupa" likining'inia hewani. Aliinama kwa heshima, akasema atalipa thamani ya shamba, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi. Na maandiko yanataja shamba, pango, hata miti iliyokuwa ndani ya mipaka yake. Ibrahimu hakumvunjia Efroni heshima kwa kutaka jambo liwe wazi. Sisi ndio tunaodhani kwamba uwazi ni utovu wa adabu.

Sasa tuingie katika sheria kidogo, kwa kuwa wengi hutuuliza. Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuuziana haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi, la sivyo ni shida kuutetea mahakamani. Watu wengi siku hizi huandikishana mauziano, lakini hawaandiki fedha zilitoka wapi. Benki nayo ikitoa mkopo wa nyumba hupenda kujua. Tangu sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu, benki inatakiwa kuwafahamu wateja wake, na fedha nyingi zikiingia ghafla katika akaunti ya mwalimu, ataulizwa. Katika nchi za Uingereza na Marekani wakopeshaji wa nyumba hudai barua ya mtoaji inayosema kwamba fedha ni zawadi na hazitarudishwa. Wenye watoto huko wasione ajabu wakiombwa barua kama hiyo.

Linalotatanisha zaidi ni zawadi kwa watu waliooana. Mama anampa binti yake fedha, binti na mumewe wananunua nyumba. Je, mama amempa nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake, na ikiwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa wana haki sawasawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini ndoa ikivunjika, mahakama huangalia pia jasho la kila mmoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Basi mama akitaka fedha ziwe za binti peke yake, aseme hivyo siku ya kutoa, mkwe akiwapo. Ni maneno mazito kuyasema mbele ya mkwe, tunajua. Akitaka ziwe za wote wawili, aseme hivyo pia. Tena nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama fedha zote zilitoka kwa wazazi wa upande mmoja.

Juu ya marafiki tutasema machache: ahadi si zawadi. Usiweke malipo ya awali kwa kutegemea mchango ulioahidiwa kwenye karamu. Ngoja zifike.

Barua yenyewe haihitaji maneno makubwa. Iandikwe: mimi fulani nimempa fulani shilingi kadha, kwa ajili ya kununua nyumba iliyoko mahali fulani; fedha hizi ni zawadi, sidai kurudishiwa, wala sina fungu katika nyumba hiyo. Tarehe na sahihi za wote wawili. Ikiwa ni mkopo au fungu, iandikwe hivyo badala yake. Zikitumwa kwa benki au simu, risiti ichapwe na kubandikwa kwenye barua hiyo, maana simu hupotea na ujumbe hufutika.

Na mashahidi? Watu hukimbilia kumwita mjumbe na jirani. Ni vema, lakini hao si watakaogombana. Mashahidi wa lazima ni mke au mume wa mtoaji, na mtoto wake mkubwa. Kama yule kijana wetu angeketi pale mwaka 1994 akamsikia baba yake kwa masikio yake, tungejua sote chumba ni cha nani. Nakala moja ikae kwa mtoaji, moja kwa mpokeaji, na ya tatu kwa mtu wa ukoo mnayemwamini.

Kwa mazungumzo ya vikundi mwezi huu: je, kuna fedha ulizopewa au ulizotoa ambazo hazijapata jina? Mhusika mwenzako yu hai? Ikiwa yu hai, mnaweza kukutana lini?